Mikuki ya Kichuguuni

Nyumba ya baba yangu bado inanuka oili chafu. Mgeni akiingia huangaza macho akitafuta pikipiki iliyolazwa sebuleni, haioni, na kwa adabu hafungui mdomo. Zamani harufu ilitoka uvunguni mwa kitanda, kwenye viroba vya mbolea ambavyo baba alivijaza vyuma: vichwa vya mikuki, ncha za mishale, maganda ya risasi, na mapande mengine ambayo hata yeye hakuyajua, ila aliamini yaliwahi kubebwa na mtu aliyekwenda kupigana. Kila kimoja kilitoka ardhini. Alikisugua kwa majivu ya pumba za mpunga, akakipaka oili aliyoiomba gereji ili kutu isiendelee kukila, akakifunga kitambaa. Mama alipokuwa hai alisema hawezi kulala juu ya ghala la silaha. Alisema kwa kucheka, lakini godoro lake alilihamishia chumba cha pili na hakulirudisha.

Udongo wa Ifakara haujawahi kuwa mtupu. Msimu wa kulima ukianza, pawatila, kile kitrekta cha mkono, inageuza jaruba la mpunga na mara kitu kinagonga. Dereva anazima, anashuka akilaani, anaokota kipande cheusi chenye umbo la jani la muhogo lililokauka. Wengi hukitupa pembeni, au humpa mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na baiskeli na mizani yake. Lakini kuanzia kijiji cha Mkula mpaka cha Mbingu ilijulikana kwamba kwetu Katindiuka yupo mzee anayetaka vile vya zamani, na anayeleta haondoki mikono mitupu. Waliondoka na mchele wetu. Waliondoka na kuku wetu. Mtu mmoja alituletea jino la plau ya trekta alilolipiga nyundo mpaka likachongoka, akasema ni mkuki wa jemadari. Baba akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia jino lake. Mimi nilitaka kumtukana yule mtu tangu getini.

Kutoka Mbingu ulikuja pia mtutu wa bunduki, mwekundu kwa kutu, umejaa udongo kama bomba lililoziba. Huo baba aliupeleka kituoni mwenyewe, kwa sababu mtendaji wa kijiji alimwambia sheria haijali kutu. Hakurudishiwa na hakuusikitikia. Bunduki hazikuwa haja yake.

Watu walidhani anapenda historia. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kumwomba azungumze na wanafunzi, baba akakataa kwa upole, akisema hana la kusema. Na kweli hakuwa nalo. Hakukusanya silaha. Alikuwa anatafuta mkuki mmoja, na hiyo mingine yote ilikuwa ile ambayo siyo.

Mkuki huo ulikuwa wa babu yake. Alitoka nao kwao, ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, wakati wa vita vya Majimaji, akamwacha mke na mtoto wa kunyonya. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kumzaa baba. Kilichobaki cha mtu mzima yule ni habari moja tu, ambayo mke huyo aliirithisha kama wengine wanavyorithisha shamba: shingo ya mkuki wake ilikuwa imepasuka, na alfajiri ya kuondoka aliifunga kwa waya wa shaba aliouvua kwenye kikuku cha mkewe. Waliorudi walirudi. Walipoulizwa, walisema hawakumwona akianguka. Baada ya hapo ikaingia njaa, na kila mtu akawa na wafu wake wa kuhangaikia.

Kwetu huwezi kuanua matanga ya mtu kama hakuna kilichozikwa. Uwe mwili. Ukikosekana mwili, basi nguo, au kitu kilichookotwa pale alipoangukia. Hapo ndipo ndugu wananyoa, wananawa, wanaamka kwenye mikeka na kurudi kwenye kazi zao, na jina la marehemu linaweza kupewa mtoto. Babu yake baba hakuzikwa hata uzi. Matanga yake yalibaki pale pale yalipo, kizazi baada ya kizazi, na jina lake halikupewa mtu.

Baba ndiye aliyelitoa. Alipozaliwa kaka yangu, kifungua mimba wa wazazi wetu, alimpa jina hilo. Alisema anataka lisikike tena kwenye uwanja wake, anataka kuliita jioni na lije mbio. Shangazi, dada yake mkubwa, alikataa. Katika ukoo wetu mambo ya vifo na majina yako mikononi mwake na hakuna aliyewahi kujaribu kumpokonya. Kwenye ubatizo alikaa amenuna kuanzia wimbo wa kwanza, akaondoka kabla ya chakula. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Shangazi hasomi, lakini wapo watakaomsomea, na mimi sina ubavu wa kugombana naye uzeeni.

Kaka alikua, akawa mtu mwepesi, mcheshi, asiyekaa na kinyongo. Alilima nasi. Halafu ikaja habari ya mawe mekundu ya thamani huko Msumbiji, vijana wakawa wanaondoka kama kumbikumbi, naye akaondoka.

Naikumbuka asubuhi ile kwa sababu ya jembe. Shamba letu la mpunga liko mbali kidogo na nyumbani, kuelekea mtoni, na kazi ya msimu ikiisha hatubebi majembe kurudi nayo. Mama alitufundisha kuyaficha. Unachomoa mipini, hiyo unaichomeka kwenye paa la kibanda. Mabamba unayalaza chini ya kichuguu, moja juu ya jingine, ncha zote zikielekea upande wa njia ya nyumbani, unayafunika kwa mabua na udongo. Kichuguu ni alama, na maji ya masika hayakifikii. Ukija msimu mwingine unajua pa kuchimba, na hata usiku huwezi kujikata, kwa sababu unajua ncha ziko upande gani. Kaka hakuaga mtu. Lakini alipoondoka tulikuta mpini wake uko kwenye paa, na jembe lake limelazwa chini ya kichuguu na mengine, vizuri kabisa, alivyofundishwa. Msimu uliofuata tulichimbua yetu. La kwake mama alikataa lisiguswe.

"Atalitoa mwenyewe," alisema, akalirudishia udongo kwa mguu.

Mwanzoni kaka alipiga simu. Alisema kuna joto, kuna mbu wakubwa, mambo yatakuwa mazuri. Kisha simu zikakatika. Wenzake aliokwenda nao walirudi mmoja mmoja, mmoja akiwa na mguu usiokunjika, wakasema kule walifukuzwa machimboni wakatawanyika, wakapotezana naye. Hawakumwona akianguka. Walitumia maneno hayo hayo, na baba alipoyasikia aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Miaka ikapita. Mama, hadi anafariki baadaye, vyuma vikiwa tayari uvunguni, alikuwa bado anaulizia kama ile simu ina chaji.

Shangazi alisema alilojiandaa kulisema tangu ubatizo. Mtoto amebeba jina la mtu ambaye hajalazwa, sasa limemchukua. Baba, ambaye ni mtu wa misa na rozari, aliyesema mambo hayo ni ya kizamani, hakubisha. Akamwomba dada yake basi tumwombolezee kijana, tuzike hata shati lake, tuanue matanga, tupumzike. Alitumia neno hilo, tupumzike. Shangazi akasema haiwezekani. Mwenye jina kwanza, kisha wajina wake. Ukimlaza wa pili wakati wa kwanza yuko wima, utakuwa umefanya nini?

Ndipo baba alipoanza vyuma. Kabla ya hapo hakuwa na habari navyo. Sote tuliona, ila tulijifanya mzee amepata kitu cha kujishughulisha nacho. Mimi nilikuwa nalijua vizuri analolitafuta na lilinichoma. Alitaka kumpata babu yake aliyekufa ili aruhusiwe kumlilia mtoto wake.

Halafu wakaja watu wa mali ya Mjerumani.

Msomaji wa nchi hii hahitaji maelezo mengi. Hakuna wilaya isiyokuwa na mtu anayeamini kwamba Mjerumani alipoondoka alizika masanduku ya dhahabu na rupia, akachora alama kwenye mawe ili wajukuu zake waje kuyachukua. Watu wazima wenye familia wameacha kazi kwa ajili ya masanduku hayo. Hawa wetu walitoka Morogoro na gari aina ya Noah, wakiwa na mashine ya kupimia vyuma ardhini iliyofungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mkubwa wao alivaa buti za mvua na miwani ya jua, na wenzake walimwita Mtaalamu. Alimwambia baba kwamba vyuma vingi katika bonde moja havikai bure, ni ushahidi wa ngome, na kwamba wangeanza kupima shambani kwetu. Aliongea sana. Nilimwambia bondeni kwetu hakuna ngome, kuna mafuriko.

"Dada yangu, mali haikai palipo wazi," akanijibu. "Ingekaa wazi mngeshaila."

Baba alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Masharti yake yalikuwa mafupi: dhahabu na rupia zao, vyuma vyake. Mtaalamu alimtazama mzee huyu kwa huruma ya mtu anayemdhulumu mjinga, akampa mkono.

Walipita shambani mpunga ukiwa umeshavunwa. Yule mwenye mashine alitembea polepole, wengine nyuma yake kimya, kama wanafuata msalaba Ijumaa Kuu. Mashine ililia kwenye kichuguu chetu. Ililia kwa sauti kubwa, na Mtaalamu akavua miwani. Kabla sijasema neno walishaanza kuchimba, na hawakwenda chini sana. Wakatoa bamba la jembe.

Lilikuwa la kaka. Nilikuwa nimesahau kwamba liko pale. Yaani nilikuwa najua, lakini nilikuwa nimeacha kulifikiria, na kuliona mkononi mwa mtu nisiyemjua, analigeuzageuza kwa dharau, kuliniumiza mahali ambapo nilidhani pameshapona. Baba alilichukua. Alilifuta udongo kwa kiganja, akalitazama upande huu na upande huu.

"Hili lirudisheni," akasema. "Mlivyolikuta."

Hawakujua walivyolikuta. Nililirudisha mimi.

Kichuguu cha pili kiko mwisho wa shamba, upande wa mtoni, kimelika na mvua mpaka kimebaki kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Hatujawahi kukitumia. Mashine ilipofika hapo haikulia tu, ilipiga kelele isiyokatika, na wale watu walikumbatiana. Mtaalamu akaomba tusali. Tukasali, maana dhahabu nayo ni neema. Wakachimba kuanzia asubuhi mpaka jua likawa la kuchoma, wakipokezana, udongo wa kichuguu mgumu kama tofali. Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilisimama nyuma yake.

Kilichotoka ni vyuma. Tabaka la vyuma, kutu imeviunganisha, na chini ya tabaka la kwanza jingine. Mtaalamu aliingia shimoni mwenyewe akachimba chini yake kwa hasira, akitarajia sanduku, akakuta udongo mwekundu na chini ya udongo udongo. Akatoka. Alikuwa ameshavaa miwani yake.

"Mzee, hizi skrepa," akasema.

Waliondoka bila kula. Shimo lao liliachwa wazi, na masika yaliyofuata lilikuwa bwawa la vyura.

Nilimsaidia baba kushuka. Alipiga magoti akaanza kuvitenganisha kwa kisu, kimoja kimoja, taratibu, akivipanga kwenye kiroba. Nilikuwa nimeshaona. Sijui kama yeye alikuwa hajaona au hakutaka kuona. Vichwa vya mikuki vililazwa kimoja juu ya kingine, vimebanana, hakuna nafasi ambayo mpini ungeweza kupita. Ncha zote zilielekea upande mmoja, upande wa mto, na ng'ambo ya mto ndiko zinakopanda njia za Mahenge.

Karibu na chini aliupata. Waya ulikuwa umegeuka kijani, umezungushwa shingoni mwa chuma kwa mizunguko iliyobanana, na mahali fulani fundi aliyeharakisha aliuacha mkia wake ukachomoza. Baba aliuweka mapajani. Alilia kwa sauti, kama wanawake wanavyolia msiba ukifika, na mimi niliinama nikamshika mabega, na kwa muda nilikuwa na furaha, nakiri, furaha kabisa, kwamba hatimaye mzee amepata.

"Alianguka hapa," akasema. "Mwanangu, ameangukia kwenye shamba letu."

Nilimsaidia kutoka shimoni.

Shangazi aliletwa na bajaji kesho yake, amevaa kitenge kizuri, na pakiti ya ugoro imebanwa kifuani. Alikuwa amekuja kufanya kazi. Baba alikuwa ameshazungumza na katekista kuhusu misa. Alikuwa ameshatoa kabatini shati la kaka, lile la mistari, akalikunja juu ya kiti pembeni ya mkuki, ili wa kwanza akishalazwa wa pili afuate siku hiyo hiyo. Nilipoliona lile shati nilitoka nje nikajifanya nachochea moto.

"Shikamoo, dada," baba alisema.

"Marahaba. Nipeleke nikaone."

Tukampeleka. Alisimama ukingoni mwa shimo akiwa ameshika mkono wangu, mzito, anahema. Ukutani mwa shimo kutu ilikuwa imeacha alama ya jinsi vyuma vilivyolala. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Vilikuwa vimelala vipi?"

Nikamweleza mimi. Nilimweleza kwa mikono, viganja viwili, kimoja juu ya kingine, vidole vikielekea mtoni.

"Na mifupa?"

"Hakuna, shangazi."

Alitoa ugoro, akanusa, akapiga chafya, akafuta macho. Kwa jinsi alivyochelewa nilijua haitakuwa nzuri.

"Mdogo wangu," akasema, "nani anaangukia vitani halafu anapanga mikuki kama majembe?"

"Wenzake walimpangia."

"Wenzake wamzike mkuki, yeye wamwache? Yuko wapi? Hawa waliweka silaha chini. Walichomoa mipini wakatembea nayo, mtu anayetembea na fimbo hakamatwi. Babu yetu alitoka hapa kwa miguu yake. Aliuficha mkuki wake ili aje auchukue. Unataka nianue matanga ya mtu aliyekusudia kurudi? Sianui."

"Dada, ni zaidi ya miaka mia."

"Hata iwe mia mbili. Mimi nazika wafu."

Nilimchukia. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu duniani anayekaguliwa hivi kabla ya kuzikwa, kwamba mdogo wake amezeeka, kwamba kiti kina shati juu yake. Nilifungua mdomo, na baba akanigusa mkono. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatazama ng'ambo ya mto, ambako mvua ilikuwa inanyesha milimani, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Toka hapa mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa siku mbili," alisema. "Siku mbili tu. Hakufika."

Shangazi akauachia mkono wangu.

"Au hakutaka kufika," akamalizia.

Hilo ndilo lililokuwa limemla muda wote, na mimi na akili zangu zote sikuliona. Aliyekufa vitani anajulikana kilichomuua. Unamweka mahali pake, unamsemea vizuri, hakukuacha, alichukuliwa. Lakini mtu aliyelaza chuma chake kwa utaratibu akaondoka mzima, huyo anaweza kuwa ameliwa na mto, anaweza kuwa amekufa njaa porini, anaweza pia kuwa ameoa mahali pengine na kuzaa na kuzeeka akiwa anacheka. Huwezi kumlilia na huwezi kumsamehe. Na baba hakuwa anamfikiria mtu wa kikuku cha shaba. Alikuwa anaona jembe la kaka.

Tulirudi nyumbani. Shangazi alikula ugali na kambale, akasema chumvi ni nyingi, akaomba bajaji iitwe. Wakati wa kuaga alimshika baba kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu, akakaa hivyo kidogo. Nilipunguza kumchukia. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba naye ana matanga yale yale begani, tangu azaliwe.

Wiki ile baba aliirudisha mikuki. Alinikataza kumsaidia, kwa hiyo nilikaa kibandani nikamtazama. Aliilaza mmoja juu ya mwingine, ncha kuelekea mtoni, ule wenye waya akauweka juu kabisa, pa kufikiwa kirahisi. Akafunika kwa mabua na udongo. Mvua zikaja zikajaza shimo kubwa pembeni, lakini pale alipoziba hapakuguswa. Viroba vya uvunguni alimwachia mnunuzi wa chuma chakavu, vyote, hakutaka hata kuvifungua mara ya mwisho. Mtu akija na chuma chake kutoka Mkula siku hizi, baba anamkaribisha maji na kumwambia asante, hatuchukui tena. Shati la mistari lilirudi kabatini. Harufu ndiyo imegoma kutoka. Nimepiga deki kwa sabuni ya kila aina.

Nilidhani basi, yameisha. Kisha Jumapili moja, tumetoka misa, tumekaa barazani, baba akaniambia nimpigie kaka.

Miaka yote ile hakuwahi kuniomba hivyo. Mama ndiye aliyekuwa akiomba. Baba alikuwa ameshamfanya marehemu moyoni, alikuwa anasubiri ruhusa tu. Namba bado ninayo. Niliibonyeza, nikaweka sauti ya nje ili asikie, na yule mwanamke wa kwenye mtambo akasema maneno yake, kwa sauti ile ile nzuri isiyojali, kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

"Amesemaje?"

"Anasema haipatikani kwa sasa, baba."

"Kwa sasa," akarudia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo lenye nafuu ndani yake. "Haya. Kwa sasa."

Ndiyo kazi yetu ya Jumapili. Tunatoka misa, ananywa chai, anavua kofia, napiga. Akishasikia jibu anavaa kofia yake na kwenda kulala kidogo. Amekonda, na mguu mmoja unamsumbua. Anasema akipona mguu atakwenda shambani kuangalia ule mpini kwenye paa kama haujaliwa na mchwa. Nimeuangalia. Umeliwa. Nimechonga mwingine nikauchomeka mahali pale pale.

Kuna jambo ambalo kila mwenye simu analijua ila baba halijui, na mimi sina moyo wa kumwambia. Laini isiyotumika haimngoji mwenyewe. Siku moja kampuni huichukua ikampa mtu mwingine, mtu asiyetujua kabisa, ambaye atapokea tu kwa sababu simu yake imeita. Kila Jumapili kidole changu kinasita juu ya ile namba, na yule mwanamke akisema haipatikani, nashusha pumzi. Iendelee kukataa tu. Ninachoogopa ni siku itakapoita.